Homa Isiyoisha na Ng'ombe Aliyetupa Mimba: Ijue Brusela Mapema



Najua niliwaahidi somo la kuvundika malisho. Litakuja. Leo naomba tuongee ugonjwa mmoja ambao unakaa bandani na unakaa nyumbani kwa wakati mmoja, na kote kuwili unajificha. Kitaalamu unaitwa brusela, mtaani tunauita ugonjwa wa kutupa mimba. Hilo jina la mtaani lenyewe ni sehemu ya tatizo, kwa sababu linawafanya watu wadhani ni ugonjwa wa ng'ombe jike tu, na kwamba kama hakuna mimba iliyotupwa basi hakuna ugonjwa.

Nianze na kisa kilichonifanya niandike.

Mwaka jana, masika yakiwa yanaisha, kijana mmoja mfugaji huku kwetu Nyanda za Juu Kusini alinipigia simu. Ana ng'ombe watano wa maziwa, ni mtu makini, anauza kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kila siku na daftari lake linaeleweka. "Daktari, ng'ombe wangu ametupa ndama na zalio limegoma kutoka." (Huku wananiita daktari na nimechoka kuwakatalia. Mimi ni afisa mifugo wa stashahada. Daktari wa mifugo yuko wilayani.) Nilifika jioni. Ndama alikuwa wa miezi saba, ametoka amekufa. Kijana alikuwa anavuta zalio kwa mikono mitupu, maji yamemrukia mpaka kifuani. Nikamwambia aache kuvuta, nikavaa glovu zangu, nikamhudumia ng'ombe, nikasema azike ndama na zalio, nikapanda pikipiki nikaondoka.

Sikumwambia tupime damu ya ng'ombe. Sikumwambia neno lolote kuhusu yeye mwenyewe. Glovu nilivaa mimi, yeye nikamuacha hivyo hivyo.

Miezi mitatu baadaye nikamkuta kituo cha maziwa, amekonda, suruali imefungwa na kamba. "Kaka, hii malaria imenishika haitaki kuachia." Alikuwa ameshameza dawa ya mseto mara mbili. Alikuwa ameshachomwa sindano za taifodi. Akinywa dawa anapata nafuu siku kadhaa, halafu inarudi. Nikamuuliza inakuwaje. Akasema asubuhi ni mzima, anakamua kama kawaida. Ikifika jioni mwili unapanda moto, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Kiuno kinauma kama amebeba mawe. Mkewe analalamika kwamba amekuwa mvivu na mkali bila sababu. Jirani mmoja alishaanza kumwambia kwamba ni mambo ya watu.

Nikakumbuka lile zalio. Nilijisikia vibaya sana, nawaambieni ukweli.

Kwa nini kwa binadamu inapotea kirahisi

Brusela kwa mtu haina dalili moja ya kukuonyesha kwamba ni yenyewe. Haina upele, haina kikohozi chake maalum, haina manjano machoni. Ina homa, uchovu, jasho la usiku, maumivu ya viungo, hasa kiuno, nyonga na magoti, kichwa kuuma, hamu ya kula kupungua, na mwili kupungua polepole. Kila moja ya hizo kijana mwenye miaka 27 anayeamka saa kumi alfajiri kukamua ana maelezo nayo tayari. Kiuno? Ni kubeba majani. Uchovu? Ni kazi. Jasho? Ni malaria.

Halafu homa yenyewe inakuja na kuondoka. Wiki hii ipo, wiki ijayo haipo, kisha inarudi. Ikiondoka wakati umemeza dawa fulani, unaamini dawa ile ndiyo iliyokutibu. Dalili huwa zinaanza wiki mbili hadi nne baada ya vijidudu kuingia mwilini, lakini inaweza kuchukua hata miezi. Kwa hiyo siku unayoanza kuumwa, lile tukio la bandani umeshalisahau kabisa.

Kuna mambo mawili ambayo wanaume hawasemi. La kwanza ni korodani kuvimba na kuuma, mara nyingi upande mmoja. Brusela inafanya hivyo, na vijana wengi wakiona hivyo wanakimbilia kufikiri ugonjwa wa zinaa, wanaona aibu, wanaenda duka la dawa kimya kimya kununua vidonge. La pili ni huzuni. Mtu anakosa raha, hana hamu ya kazi wala ya watu, na watu wa nyumbani wanasema amebadilika tabia. Siyo tabia. Ugonjwa huu ukikaa muda mrefu unaweza kugusa hata akili na hisia.

Mara chache unaua, na ukiua mara nyingi ni kwa sababu umeingia kwenye moyo. Lakini unaweza kumlaza mtu nusu mwaka, na ukifika kwenye uti wa mgongo au nyonga unaacha maumivu ya kudumu. Kwa mama mjamzito unaweza kuharibu mimba. Yule kijana, mkewe alikuwa na mimba ya miezi minne.

Sasa kuhusu vipimo. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kwenye kidole, kinaweza kuendelea kuonyesha una malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha, kwa sababu aina nyingi za kipimo hicho zinapima mabaki yao. Kwa hiyo kweli ulikuwa na malaria, ukatibiwa, ikaisha, na kipimo kinasema bado ipo huku kinachokupa homa ni kitu kingine. Kipimo cha Widal cha taifodi nacho kinajulikana kwa kuonyesha ndiyo kwa mtu asiye na taifodi. Siwalaumu wahudumu wa zahanati. Wanapima kile walichonacho, na mgonjwa akija na homa bila maelezo mengine, malaria ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Lazima iwe hivyo.

Kinachoweza kubadilisha njia nzima ni maelezo yako wewe. Usiseme tu "nina homa". Sema: "Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wangu alitupa mimba mwezi fulani na mimi nilishika zalio. Homa hii ina wiki tatu inakuja na kuondoka. Naomba nichunguzwe brusela." Kama unakunywa maziwa mabichi, sema. Kama umejichoma na sindano ya chanjo ya mifugo, sema. Daktari wa binadamu hawezi kuliona banda lako akiwa ofisini kwake.

Na hapa niweke tahadhari upande wa pili. Vipo vipimo vya haraka vya brusela kwenye maabara ndogo ambavyo navyo vinakosea, vinasema ndiyo kwa watu wengi wasio nayo. Kwa hiyo usipime ukakimbia na karatasi. Rudi kwa daktari, aangalie kipimo pamoja na dalili na kazi yako, na kama kuna mashaka akupeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa kwa kipimo cha uhakika zaidi.

Matibabu yapo na yanafanya kazi, lakini ni marefu. Kwa kawaida ni dawa mbili kwa pamoja: doksisaiklini kwa wiki 6, ikiambatana na rifampisini wiki 6 hizo hizo, au na sindano za streptomaisini kwa wiki mbili hadi tatu. Daktari anachagua, na kwa mjamzito na mtoto mdogo anabadilisha. Nimetaja majina ili muelewe kwamba siyo vidonge vya siku tano. Watu wanapona wiki ya pili, wanaacha dawa, na miezi miwili baadaye wako pale pale. Na tafadhali sana, ile chupa ya tetrasaiklini ya ng'ombe iliyoko dirishani siyo yako. Nimeshakuta mtu amejichoma. Sitaki kurudia hili.

Kwa ng'ombe inajificha zaidi

Ukiniuliza ng'ombe mwenye brusela anafananaje, nitakujibu: anafanana na ng'ombe mzima. Anakula, anacheua, manyoya yanang'aa, hana homa ya kuonekana. Unaweza kumnunua mnadani ukashangilia bei.

Dalili kubwa ni kutupa mimba ikiwa kubwa, kuanzia miezi mitano kwenda mbele, mara nyingi wa saba au wa nane. Lakini sikiliza hapa, ndipo wengi mnapopotea: ng'ombe wengi wenye ugonjwa huu wanatupa mara moja tu. Mimba inayofuata anaweza kuifikisha miezi tisa na kuzaa ndama aliye hai. Mfugaji anasema "amepona". Hajapona. Vijidudu viko kwenye kiwele na tezi zake, vinatoka kwenye maziwa, na kila akizaa anavimwaga bandani pamoja na maji ya uzazi. Zalio la ng'ombe aliyetupa kwa brusela limejaa vijidudu kwa wingi mno, na vinavyotosha kumwambukiza mtu ni vichache sana. Vinaingia kwa mdomo, kwa mchubuko wa mkononi, kwa jicho, hata kwa kuvuta hewa ya banda wakati maji yanaruka.

Dalili nyingine zote ni ndogo ndogo. Zalio kukaa zaidi ya saa 12. Ndama kuzaliwa dhaifu na kufa ndani ya siku chache. Ng'ombe kupandishwa mara tatu, nne, hashiki. Maziwa kupungua bila kiwele kuvimba. Goti la mbele kuwa na uvimbe wa maji kama limetiwa mpira ndani. Dume kuvimba korodani. Ukiangalia ng'ombe mmoja mmoja kwa macho, kila moja ya hizo ina sababu nyingine. Ukiangalia daftari la uzazi la miaka miwili, unaona mstari.

Ndiyo maana nasisitiza daftari mpaka mnanichoka. Yule kijana daftari lake lilikuwa zuri, tatizo ni kwamba wote wawili tulikuwa hatujalisoma. Tulipokaa nalo tukaona: mtamba aliyenunuliwa kutoka nje ya wilaya miezi 14 kabla, alizaa ndama aliyekufa siku ya tatu, imeandikwa "baridi", ng'ombe wa pili amehimilishwa mara nne, imeandikwa "mbegu mbovu", wa tatu ndiye aliyetupa. Mambo matatu, visingizio vitatu, na chanzo kinachowezekana ni kimoja.

Siyo kila mimba inayotupwa ni brusela, niliweke hilo wazi. Ng'ombe anaweza kutupa kwa kupigwa pembe, kwa chakula chenye ukungu, kwa homa kali ya ndigana kali, kwa leptospira na mengine. Na mvua zikizidi, mafuriko yakasimama, halafu kondoo, mbuzi na ng'ombe wa kijiji kizima wakaanza kutupa mimba kwa mpigo huku watoto wao wakifa, hapo fikiria Homa ya Bonde la Ufa kama ile ya 2006 na 2007 iliyopita Kenya na Tanzania, na upige simu siku hiyo hiyo. Usichinje, usiguse. Ila mimba kubwa moja ikitupwa bila sababu ya kuonekana, ichukulie kama brusela mpaka maabara iseme hapana.

Mbuzi wa Malta

Kama bado mnadhani naweza kumjua mnyama mgonjwa kwa kumwangalia tu, acha niwape historia kidogo. Kisiwa cha Malta, karne ya 19, askari wa Uingereza walikuwa wanaugua homa ya kuja na kuondoka ambayo hakuna aliyejua inatoka wapi. Mwaka 1887 daktari wa jeshi David Bruce akaeleza kijidudu alichokipata kwenye bandama za askari waliokufa. Ndiye aliyeupa ugonjwa jina lake. (Huyu ndiye yule yule aliyechunguza nagana kule Zululand, na mwaka 1903 akaja Uganda kwa ugonjwa wa malale. Wafugaji wa maeneo ya mbung'o mnamdai shukrani mara mbili.) Lakini kijidudu kinatoka wapi? Miaka ikapita. Mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, akapima damu ya mbuzi wa maziwa, wale waliokuwa wanapitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa mbele ya mteja. Mbuzi walikuwa wazima wa kupendeza, na wengi wao walikuwa nacho. Maziwa ya mbuzi yalipozuiwa kambini mwaka 1906, homa ikashuka haraka.

Karibu miaka ishirini madaktari walikuwa wanayanywa maziwa ya mbuzi hao kwenye chai yao.

Nini cha kufanya bandani

Kupima kwanza. Kipimo cha Rose Bengal ni cha bei ndogo: daktari wa mifugo anachukua damu, inatenganishwa majimaji yake, tone moja linachanganywa na tone la dawa ya rangi ya waridi, linatikiswa dakika nne. Likiganda chembechembe, kuna mashaka ya ugonjwa na linafuata kipimo cha kuthibitisha. Kuna pia kipimo cha pete kwenye maziwa, kinaweza kupima maziwa ya banda zima kwa mara moja. Mkiwa kwenye ushirika ni njia nzuri ya kujua wapi pa kuanzia. Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina vituo kwenye kanda, na afisa wa mifugo wa kata yako anajua namna ya kupeleka sampuli. Kama ng'ombe alichanjwa brusela, sema, kwa sababu chanjo inaweza kuonyesha kama ugonjwa.

Mnyama mpya ndiye mlango. Ukitaka kununua mtamba, lipia kipimo kabla ya kulipia mtamba. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu. Akifika, mtenge kwanza, na mpime tena baadaye, hasa akishazaa, maana baadhi ya mitamba iliyozaliwa na mama mgonjwa haionyeshi kitu kwenye damu mpaka izae mara ya kwanza.

Siku ya kuzaa au kutupa mimba: glovu ndefu, gambuti, kitu cha kufunika mdomo na macho. Huna glovu ndefu? Mifuko ya plastiki isiyotoboka ni bora kuliko ngozi yako. Wajawazito na watoto wasiwe pale kabisa. Zalio na ndama aliyekufa wachomwe au wazikwe shimo refu lenye chokaa, mbwa wasifikie. Mbwa wa jirani akiliburuta zalio mpaka kwenye malisho, kazi yote imekwenda na maji. Matandiko ya pale yaondolewe na sakafu ipigwe dawa ya klorini. Jua linaua vijidudu hivi haraka. Kivuli chenye unyevu kinavitunza kwa wiki na hata miezi, na mabanda yetu ya baridi huku milimani ni kivuli chenye unyevu.

Maziwa yachemshwe. Yote. Hapa nagombana na wengi, kwa sababu chai mnachemsha lakini mtindi mnagandisha mabichi, mkisema uchachu unaua. Hauaminiki kwa brusela. Chemsha kwanza, poza, kisha gandisha kwa kuweka mtindi kidogo wa mwanzo. Ladha inabadilika kidogo, nakubali.

Chanjo ipo, ya S19, kwa ndama majike wakiwa na umri wa miezi 3 hadi 8 hivi. Siyo kwa ng'ombe mwenye mimba, siyo kwa madume. Ni chanjo yenye kijidudu hai na inaweza kumwambukiza anayejichoma nayo, hivyo ni kazi ya mtaalamu. Kwa mbuzi na kondoo ni nyingine, inaitwa Rev.1.

Na aliyethibitika kuwa nayo? Hapa panauma. Hakuna dawa ya kutegemea ya kumtibu ng'ombe. Ukimchoma sindano unatumia pesa na anabaki na ugonjwa. Anatolewa, anakwenda machinjioni kwa taarifa ya daktari wa mifugo na mkaguzi wa nyama, ili wachinjaji wavae glovu na wajue kiwele na mji wa mimba ni vya kutupa. Hauzwi kwa mfugaji mwingine. Najua hesabu. Chukua mfano wa ng'ombe wa lita 12 kwa siku, shilingi 1,000 kwa lita, siku 300: ni milioni 3 na laki 6 kwa mwaka unazisindikiza machinjioni. Kijana wa watu akiwa na mkopo atajaribiwa kumpeleka mnada wa mbali usiku. Ndivyo yule mtamba wake alivyomfikia yeye, kwa mtu aliyepiga hesabu hiyo hiyo.

Kuhusu kijana wetu: alikwenda hospitali ya mkoa na maelezo aliyoyaandika kwenye karatasi, akathibitika, akameza dawa wiki zote 6 ingawa tumbo lilimsumbua. Homa imekatika, kiuno bado kinamkumbusha siku za baridi. Mkewe alipimwa, hakuwa nayo, na amejifungua salama. Ng'ombe, wawili kati ya watano walikutwa nayo, yule mtamba na yule aliyetupa. Wote wamekwenda machinjioni. Aliyehimilishwa mara nne alikuwa msafi, kwa hiyo huenda kweli mbegu zilikuwa mbovu. Watatu waliobaki nitawachukua damu tena mwezi ujao, na safari hii pikipiki yangu imebeba jozi mbili za glovu.